Mluzi Ambao Haukuwamo Kwenye Mkanda

Nianze na jambo ambalo halitawafaa: namna ya kusafisha kichwa cha deki ya video. Unafungua mfuniko, unachovya karatasi laini kwenye spiriti, unaigusisha kwenye kile kigurudumu kinachong'aa, halafu unakizungusha kigurudumu. Karatasi inatulia. Ukiisugua karatasi juu na chini umeiua deki, na mwenye deki atakuua wewe.

Nilijifunza hayo kijijini kwetu Nkwenda, kwenye banda la video la Mama Koku, ambako kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwa mdomo, papo kwa papo, nikiwa nimekaa kwenye kreti la soda kando ya televisheni, mkononi nina kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nimestaafu siku nyingi. Kazi ile haikuwa na pensheni. Ilichoniachia ni mgongo mbovu na sauti ambayo wajukuu wa dada yangu wakiisikia wanadhani nimekasirika.

Nawaandikia ninyi vijana wa Rubwera na Kayanga mnaotafsiri filamu kwa kompyuta, mmejifungia chumbani na visikizio masikioni. Nimezisikiliza kazi zenu. Ni safi. Mkikosea mnafuta, mnarudia. Sisi tulikosea mbele ya watu waliolipa kiingilio, na wengine walikuja na fimbo za kuswagia ng'ombe. Kuna mambo mtu hujifunza akiwa hana pa kufutia, na mengine si ya kuchekesha. Nitaanza na ya kuchekesha, kama tulivyokuwa tunafanya bandani.

Niliifikia kazi hiyo kwa njia ya heshima kabisa: nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, ya lugha, nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Nilisubiri mpaka baba akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemlisha mwingine, kama hiyo ajira inaijua njia ya kuja Nkwenda. Kesho yake nikaenda kwa Mama Koku. Alikuwa mjane, mnunuzi wa kahawa, mwenye jenereta. Alinitazama viatu.

"Kiingereza unakijua chote?" akauliza.

"Chote hakuna anayekijua, mama."

"Basi wewe msomi kweli. Ingia."

Jina likawa hilo. Mpaka leo kuna watu Nkwenda wasiojua jina langu la ubatizo, wanajua Msomi tu, na wakilitaja wanatabasamu kidogo pembeni.

Aliyenifundisha kazi ni bwana mmoja mfupi aliyekuja na kanda zake kutoka upande wa Uganda, tukimwita Fundi Maneno. Hakukaa sana, alimfuata mwanamke huko Mutukula, mpakani. Lakini aliniachia kanuni moja ambayo niliiishi kama katekisimu. "Msomi," aliniambia, "hawa hawaji kumsikiliza Mzungu. Wanakuja kukusikiliza wewe unavyomwongopea Mzungu. Ukiona wanacheka, ujue umepona."

Na kweli. Mzungu akisema maneno mawili, mimi nilisema sentensi nne, ndani yake mna bei ya kahawa, tope la barabara ya Murongo na jina la mtu aliyekaa benchi la mbele. Watu walijua kwamba naongeza. Ndicho walichokilipia. Kicheko chao kilianzia nyuma, walikokaa wapagazi wa magunia ya kahawa, kikaja mbele taratibu, kama mvua inavyokuja juu ya migomba: unaisikia kabla haijakufikia.

Makosa nilifanya ya kutosha. Siku moja nilimtangaza mtu kuwa amekufa, nikamwombolezea vizuri, mama mmoja akafuta machozi. Dakika chache baadaye marehemu akaingia mlangoni akiomba chai. Nikasema ni pacha wake. Mpaka mwisho wa filamu nilikuwa na kazi ya kumlea yule pacha, kumtafutia kisa na sababu ya kuishi. Miaka baadaye mzee mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza pacha yule hatimaye alioa wapi.

Jambo jingine la kazi: Mama Koku alikaa na kitenge mapajani. Wazungu wakianza kusogeleana, alisimama akaifunika televisheni, nami nilitakiwa kuendelea kusema. Nilisema, "Wanasali." Sala za wale watu zilikuwa ndefu.

Mtu mmoja tu hakucheka bandani. Mzee Kamugisha, fundi cherehani, mzee wa kanisa la Kilutheri, alikaa benchi la pili pembeni, kofia magotini. Ujana wake wote alishona Kampala, na huko alizitazama filamu kwenye jumba la kweli lenye viti vya kukunja. Nilipoongeza chumvi, alisema kwa sauti kavu, bila kugeuza shingo: "Hakusema hivyo." Banda zima likarudia, "Hakusema hivyo!" nami nikajibu kwenye kipaza sauti, "Alitaka kusema." Ikawa sehemu ya burudani. Nadhani yeye peke yake hakuwa anatania.

Filamu tulizozipenda kuliko zote zilikuwa za jasusi tuliyembatiza Kabuti, kwa sababu ya koti lake refu la mvua ambalo hakulivua hata jangwani. Zilikuwa nyingi, moja baada ya nyingine, watu wakazeeka nazo. Zote zilianza namna moja. Kioo cheusi kabisa, hakuna picha, halafu mluzi wa mtu gizani, taratibu, wimbo mfupi uleule, ndipo taa inawaka na Kabuti anaonekana mgongo. Mluzi ule ulipoanza, banda lilinyamaza. Hata mimi sikuutafsiri. Hilo nalo lishikeni: kuna mahali mtafsiri anafunga mdomo.

Mzee Kamugisha alikuwa na kisa na Kabuti. Mwaka 1978 alirudi kutoka Uganda, mpaka umeshachafuka, vita vinanukia. Kwenye kizuizi askari wakamwona mtu ambaye Kiswahili chake kimejaa Kiganda, na amevaa kabuti refu. Alilishona mwenyewe kwa kumwiga jasusi wa kwenye filamu. Askari nao wakafikia uamuzi wa wazi kabisa: huyu ni jasusi. Wakamketisha chini, mikono kichwani. Maelezo hayakusaidia, kila alichosema kilimzidishia Uganda. Kilichomwokoa ni shangazi yake. Alifika pale na jembe begani, akampita askari, akamzaba mpwa wake kibao, akamwuliza alikowaacha mbuzi wa babake miaka yote hiyo. Askari wakacheka, wakamwachia. Mtu anayepigwa kibao cha namna ile ana kwao.

Kisa hicho kila mtu Nkwenda alikijua. Kilisimuliwa kwenye pombe ya rubisi na kwenye harusi, na kila msimulizi alikiongezea mbuzi mmoja.

Sasa niwaambie kuhusu mkanda wenyewe. Mama Koku aliununua upande wa pili wa mpaka, pamoja na mingine, na ulikuwa na picha ya Kabuti juu ya ganda. Tukautangaza siku ya soko, banda likajaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya kuta za majani makavu ya migomba. Nikawasha. Kioo kikaja, lakini hakikuwa cheusi. Ilikuwa mvua, gari, barabara. Hakuna mluzi. Kabuti alikuwa yule yule, uso ule ule, ila amezeeka, nywele zimepakwa dawa, na akipanda ngazi anashika ukuta. Bosi wake hakuwa yule mnene tuliyemzoea. Alikuwa mwembamba mwenye kikohozi.

Watu walitazama hadi mwisho wakiwa kama wageni kwenye msiba wasioujua. Taa ilipowashwa Mzee Kamugisha akavaa kofia.

"Huyo siye," akasema.

Nilikuja kuelewa kilichotokea kutokana na kipande cha gazeti la Kiingereza kilichofungiwa vitumbua. Wenye filamu za Kabuti waligombana kuhusu nani mwenye jasusi. Mmoja wao akaondoka na sehemu yake ya hadithi kwa amri ya mahakama, akamchukua mwigizaji wa zamani, akatengeneza filamu yake kando. Mluzi hakupewa. Ulibaki kwa wenzake. Nilipousoma ule ukurasa bandani, wenye mafuta ya vitumbua, nilidhani nimemaliza ubishi. Ndiyo kwanza nimeuanzisha.

Banda likagawanyika. Wa Mluzi, waliosema bila mluzi si Kabuti, walikaa kushoto, wakiongozwa na Mzee Kamugisha. Wa Sura, waliosema uso ule unatosha, walikaa kulia, na mkuu wao alikuwa Deo.

Deo alikuwa mpagazi wa kahawa, mrefu, shingo imekakamaa kwa magunia. Alizaliwa Nyabiyonza, huku huku kwetu. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda zamani, wakiwa vijana, wakachuma kahawa ya watu mpaka wakapanda yao, na karatasi za uraia walikuwa nazo. Deo alikizungumza Kinyambo, lugha yetu, vizuri kuliko mimi niliyekisahau kwa kusoma. Mluzi alikuwa anaujua kuliko mwenye filamu. Basi kila tulipoweka mkanda ule, yeye aliketi benchi lake la kulia, na mvua ilipoanza kwenye kioo alipiga mluzi mwenyewe, wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, ili filamu iwe kamili. Wa Sura wakashangilia.

"Huwezi kumpigia mluzi mtu aliyekuja bila huo," alisema Mzee Kamugisha.

"Tata," Deo alimwita hivyo, kama mtoto anavyomwita babake kwa Kinyambo. "Ukichimbua chipukizi la mgomba ukalipanda kwa jirani, litazaa maharage?"

"Litazaa ndizi. Ndizi za jirani."

"Lakini wewe ukipita ukaziona, hutazijua?"

"Nitazijua. Ndiyo maana zitaniuma."

"Nyie bishaneni," alisema Mama Koku, "mafuta ya jenereta yanaungua."

Sikuona ubishi mtamu kama ule hata chuo kikuu, ambako tulibishana kuhusu vitabu ambavyo hakuna aliyevipenda. Lakini chini yake palikuwa na jambo, na kila mtu alilijua. Miaka hiyo watu walikuwa wamevuka mto kutoka Rwanda kwa maelfu, wakikimbia mauaji, na makambi yalikuwa yamejaa vilima vyetu. Deo alikuwa amemwoa mmoja wao. Aliitwa Vestina. Alikuja kuchuma kahawa kwa kibarua, akitoka kambini asubuhi na kurudi jioni, na siku moja hakurudi. Padri aliwafungisha ndoa, wakapata mtoto wa kike. Vestina aliuza karanga za kukaanga mlangoni pa banda, Kiswahili chake kikiwa maneno ya karanga tu: bei, chumvi, moto, karibu. Na minong'ono ilikuwa imeanza kwamba wakimbizi watarudishwa.

"Sema kweli," Mzee Kamugisha alimwuliza Deo siku moja mbele ya watu. "Unatetea mkanda au unatetea mke?"

Deo alicheka, lakini alijikuna shingo.

"Nikishinda kwa mkanda, Tata, kwa mke nitakuwa nimeshafanya mazoezi."

Amri ya serikali ilikuja karibu na mwisho wa mwaka 1996. Wote waliovuka wakati wa mauaji warudi kwao. Barabara zikajaa watu na magodoro vichwani, siku nzima, wakipita bila kelele, na sauti ya miguu mingi namna ile si kama kelele yoyote niliyowahi kuitafsiri. Baada ya makambi kumalizika, vikosi vikaanza kupita vijijini kuwatafuta waliojichanganya na wenyeji.

Kwetu walifika asubuhi, wakasimamisha lori kwenye uwanja wa soko. Ofisa aliyewaongoza alikuwa mtu wa mbali, wa mikoa ya kusini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nitawaambia kweli: hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu anayehesabu mizigo ambayo si yake na anataka kumaliza. Kijiji kizima kiliitwa. Wenye karatasi walionyesha karatasi. Deo alionyesha zake, ofisa akazisoma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Na huyu?"

"Mke wangu, afande. Tumefunga ndoa kanisani."

"Ndoa naiheshimu. Ila sikutumwa ndoa. Dada, wewe kwenu wapi?"

Vestina hakumwelewa vizuri, au alielewa akaogopa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alitaka kusaidia kila mtu bila kuonekana anamsaidia yeyote, akasema, "Afande, Kiswahili hana, lakini mtafsiri tunaye. Ni kazi yake." Vichwa vyote vikanigeukia.

Nikasogea mbele. Mnaelewa hali ilivyokuwa? Kinyarwanda na Kinyambo si lugha moja, lakini ni majirani wanaoazimana moto. Kila mtu uwanjani pale angemwelewa Vestina. Asiyemwelewa alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa na lori.

"Mwulize alizaliwa wapi."

Nikamwuliza. Akajibu polepole, kwa adabu, kweli tupu: alizaliwa ng'ambo, akakitaja kilima chao, akasema alivuka mto na mama yake, na mama alizikwa kambini.

Nikamgeukia ofisa. "Anasema alizaliwa Nyabiyonza, afande. Wazazi wake walikuwa wachuma kahawa. Mama yake amezikwa huko huko."

Nilimtazama Mzee Kamugisha. Alikuwa amesimama upande wa kushoto, kofia mkononi. Midomo yake ilijongea. Haikutoa neno. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri neno lile, "Hakusema hivyo," na halikuja.

"Shule alisoma wapi?"

Vestina akasema alisoma kwa masista, alipenda hesabu, akaacha darasa la mwisho kwa sababu ya vita. Aliponitajia hesabu alitabasamu kidogo. Alidhani mambo yanakwenda vizuri.

Nikafikiri haraka. Shule ina rejista, na rejista inaulizwa. "Hakusoma, afande. Anasema alikuwa analinda mahindi ya baba yake yasiliwe na ngedere."

Sikutania. Naapa kwamba nilisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza kweli. Lakini sauti yangu ilikuwa moja tu, na watu wale walikuwa wameisikia miaka mingi ikifuata maneno ya mtu mwingine na kuyageuza. Miili yao ilijua inachotakiwa kufanya. Nikasikia nyuma kabisa, kwa wapagazi, mtu amepumua puani. Wa pili akajizuia, akashindwa. Kikaja mbele taratibu juu ya vichwa vya watu, kicheko chepesi, cha watu wanaoniunga mkono, wanaompenda Vestina, walioingiwa na furaha ya kuona mambo yanaelekea kufaulu. Kikanifikia. Fundi Maneno alikuwa ameniambia kwamba kikinifikia nimepona.

Ofisa aliinua macho.

"Wanacheka nini?"

Kicheko kilikatika kama jenereta iliyoishiwa mafuta. Ofisa akautazama umati, uso kwa uso, halafu akanyoosha kidole kwa mtu mmoja ambaye hakucheka.

"Wewe mzee. Wenzako wamecheka, wewe hukucheka. Njoo uniambie huyu dada amesema nini."

Mzee Kamugisha akaja. Deo alifumba macho. Sote tulimjua yule mzee. Alikuwa amewahi kusimamisha harusi kwa sababu mchungaji aliruka mstari.

"Amesema alivyosema huyu," akasema. "Neno kwa neno."

Sijawahi kusifiwa hivyo, kabla wala baada.

"Unamfahamu wewe?"

"Nisimfahamu vipi, afande? Huyu ni wa kwetu." Na pale ofisa alipoendelea kumtazama, hajakubali wala hajakataa, mzee akafanya jambo ambalo mimi nililiona likija na nikashindwa kulizuia. Alimkumbuka shangazi yake. Alimgeukia Vestina, akakunja uso, akaanza kumfokea kwa Kinyambo, kwa sauti ya baba mkwe mwenye hasira: mbuzi umewaacha wapi, wewe mtoto, tangu asubuhi mbuzi wako wapi? Akainua mkono wake wa kulia juu, kiganja wazi, tayari kumzaba kibao cha undugu.

Watu wote wa Nkwenda walikitambua kile kibao. Vestina hakukitambua. Hakuna aliyewahi kumsimulia kisa cha kabuti na shangazi. Ni kisa cha zamani, kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia. Yeye aliona mkono wa mwanamume umeinuliwa juu yake, mbele ya umati, na watu wenye bunduki wamesimama. Alimvuta mtoto kutoka mgongoni kwa namna ambayo sijui mwili unajifunzia wapi, akamweka chini ya tumbo, akaanguka magoti akamfunika. Akasema maneno machache, upesi, uso ukiwa mavumbini. Ni maneno aliyokuwa ameshayasema mahali pengine, kwa watu wengine. Sitayaandika.

Mtoto aliamka akaanza kulia.

Ofisa alinigeukia. "Na hayo, anasemaje?"

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na pacha waliofufuka, sala ndefu na majibu ya kila namna. Nilifungua mdomo.

"Basi," akasema ofisa, kwa upole. "Hayo hayahitaji mtafsiri."

Aliagiza askari wamwinue taratibu. Akamwambia Deo kwamba yeye abaki, karatasi zake ni nzuri, na mtoto anaweza kubaki naye kama wakikubaliana. Deo alikwenda nyumbani akarudi na jembe, sufuria na blanketi. Jembe wakamkatalia. Akampa jirani. Mzee Kamugisha alikuwa bado amesimama pale pale, na mkono wake, sijui kama alijua, ulikuwa bado juu, kama wa mwanafunzi anayeomba kusema.

Deo alimpitia. "Shusha mkono, Tata," akasema. "Mimi nimeelewa."

Wakapanda wote watatu. Lori liliposhika barabara nilisubiri nimsikie Deo akipiga mluzi. Nilikuwa na hakika kwamba atapiga. Hakupiga. Filamu ndizo zinazofanya hivyo.

Hatukupata habari zao. Miaka ya baadaye watu waliovuka kwenda biashara niliwaagiza waulize, wakarudi na habari za watu wengine. Mpaka leo nikisikia jina Deo redioni nasimama.

Mtaniuliza kama najutia uongo ule. Hapana, ningeurudia kesho. Ninachowaambia ni jambo la kazi, na ndilo nililokusudia tangu mwanzo: msiwazoeze watu kucheka kila mnapofungua mdomo. Fundi Maneno alikuwa mwalimu mzuri, lakini alitafsiri mahali ambapo kinachopotea ni kiingilio tu. Siku itafika mtahitaji kusema jambo kwa sauti hiyo hiyo na likae kimya mbele ya watu. Itunzeni sauti mojawapo kwa ajili ya siku hiyo. Mimi sikuwa nayo ya pili.

Siku ya soko iliyofuata Mama Koku aliwasha jenereta, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshanunuliwa. Sikutegemea watu. Wakaja. Waliingia wakakaa kushoto na kulia kama walivyozoea, na benchi la kulia mbele likaachwa wazi bila mtu kusema liachwe. Mlangoni hapakuwa na karanga. Mama Koku akauliza tuweke nini.

"Weka ile ya Deo," alisema Mzee Kamugisha.

Hakuwa amewahi kuiita hivyo. Aliiita ile ya kando, ile haramu, ile ya mwenye kikohozi. Nikaiweka. Kioo kikaja: mvua, gari, barabara. Deki ilikoroma. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, kimya, kama ilivyo desturi wakati wa mluzi. Nao wakausubiri. Gari likapita, likafika kwenye nyumba, Kabuti akashuka na koti lake, mzee, ameshika mlango. Mluzi haukuwapo.

"Rudisha mwanzo," akasema Mzee Kamugisha.

Nikarudisha. Mvua, gari, barabara. Nilimtazama. Alikuwa amekodolea kile kioo, ameinamisha sikio, kama mtu aliyeambiwa kwamba kitu kimo humo ndani na ni yeye tu hajasikiliza vizuri.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Mama Koku hakusema neno kuhusu mafuta. Kwenye benchi la wapagazi mtu alijaribu, midomo ikatoa upepo tu, akaacha. Gari likafika. Kabuti akashuka.

Mzee Kamugisha akavua kofia, akaiweka magotini.

"Haya," akasema. "Twende nayo hivyo hivyo. Ila leo, Msomi, usiongeze neno."

Sikuongeza.